Bata Aliyeanguka Majini



Muhula uliopita, baada ya darasa la fiqhi katika msikiti wetu wa chuo, kijana mmoja wa mwaka wa kwanza aliinua mkono akauliza: "Sheikh, mtu akimpiga bata mwitu kwa bunduki, bata akaanguka majini, akamfikia ameshakufa, anamla?" Watu wakacheka. Mmoja nyuma yangu akanong'ona kwamba wenzake wanatafuta karo ya muhula, yeye anatafuta bata. Sheikh hakucheka. Alimjibu kwa hadithi ya Adiy bin Hatim, akaendelea na darasa.

Mimi pia sikucheka, kwa sababu swali lile nalijua tangu utotoni. Babu yangu mzaa mama ni mtu wa Kudha, na kisa cha bata mmoja aliyeanguka majini alitusimulia mara nyingi kuliko kisa cha vita vilivyomtoa kwao. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni kisa cha bata. Leo naona ni kisa cha amana, na kinatuhusu hata sisi ambao huenda tusishike bunduki maishani. Katika makala haya nataka kukieleza, nitaje adabu za uwindaji kama tulivyofundishwa, kisha niseme jambo moja lililonifika mwenyewe ambalo mpaka leo halijanitoka moyoni.

Kudha na adabu ya kuwinda

Kudha ni kimoja katika visiwa vya Wabajuni, vile vilivyojipanga kando ya pwani ya Somalia kutoka Kismayu kuelekea mpaka wa Kenya: Koyama, Ngumi, Chovai, Chula na vinginevyo. Watu wake ni watu wa bahari, ni Waislamu wanaofuata madhehebu ya Imamu Shafii, na lugha yao ni Kibajuni, ndugu wa Kiamu. Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, wengi wao walipanda vyombo wakakimbilia Kenya. Babu alikuwa miongoni mwao, na ndiyo sababu mimi nimezaliwa Mombasa.

Wazee wa visiwa hivyo walikuwa na namna ya kuwinda kasa ambayo mtu akisimuliwa huiona ni ngano. Yuko samaki aitwaye chazo, mwenye kinatio juu ya kichwa ambacho hujibandika nacho kwenye papa, kwenye kasa, au kwenye ubavu wa chombo. Wavuvi walimkamata akiwa hai, wakamfunga kamba mkiani na kwenda naye baharini. Wakimwona kasa walimwachilia chazo, naye akamwendea kasa akanata juu yake, kisha kamba ikavutwa taratibu. Mwingereza Frederic Holmwood, aliyekuwa akifanya kazi katika ubalozi wa nchi yake Zanzibar, aliandika kuhusu uvuvi huu wa pwani yetu mwaka 1884.

Babu mwenyewe hakuwinda kwa chazo, lakini baba yake aliwinda hivyo, na lililobaki katika masimulizi ya nyumbani ni adabu ya kazi ile. Kamba haivutwi kwa pupa, kwa sababu chazo ataumia au ataachia. Chazo hafanyiwi ukatili kwa kuwa ni samaki tu. Yeye ni mwenzako katika kazi. Na kasa hufika chomboni akiwa hai, kwa hivyo anayemchinja anajua alichokifanya. Siandiki haya ili mtu aende kuwinda kasa. Leo kasa wamekuwa haba na sheria inawalinda, na wanavyuoni wana maneno kuhusu kuliwa kwake. Nayaandika ili ujue Babu alilelewa na watu wa aina gani: watu walioona kwamba kuwinda ni kazi yenye masharti, na kwamba jinsi kitoweo kilivyopatikana ni sehemu ya kitoweo chenyewe.

Kisa chenyewe

Upande wa bara, nyuma ya mikoko, mvua za masika zilikuwa zikiacha madimbwi makubwa ya maji matamu, na bata mwitu wakishuka hapo alfajiri na jioni. Mjomba wake Babu alikuwa na gobore. Wakati wa kusi, bahari inapochafuka na mashua haziwezi kutoka, walivuka mkono wa bahari kwenda kutafuta kitoweo cha ndege.

Siku hiyo Babu alikuwa kijana asiyefika miaka ishirini. Nyumbani walikuwa watu wanane, na kwa siku kadhaa walikuwa wakila wali mkavu. Mjomba alimwachia gobore, naye akaenda kuchanja kuni upande wa pili wa dimbwi. Babu akapiga bata wa kwanza. Akaanguka nchi kavu, akamwahi yu hai, akamchinja. Akashindilia tena, akampiga wa pili akiwa anaruka juu ya maji. Yule akaangukia katikati ya dimbwi, penye matete. Babu akajitosa, maji yakamfika kifuani, akatafuta. Alipomkuta, kichwa kilikuwa ndani ya maji na roho imeshatoka. Akamgeuza na kumkagua. Marisau yalikuwa yamempata bawani tu, hakuna jeraha jingine.

Alitusimulia kwamba alisimama pale na bata mkono mmoja, na kisu mkono mwingine. Mjomba hakuwa akimwona. Kumpitisha kisu shingoni lilikuwa jambo la dakika moja, na nyumbani wangeona shingo iliyokatwa, wakasema Bismillah, wakala. Hakuna ambaye angeuliza.

Akamwacha. Aliporudi, mjomba akamwambia, "Nimesikia milio miwili." Babu akajibu, "Wa pili amefia majini." Mjomba hakusema neno. Usiku ule watu wanane walikula bata mmoja. Siku ya pili mjomba akampa gobore, akamwambia aende peke yake.

Kwa nini maji

Adiy bin Hatim (R.A.) alikuwa mtu wa kabila la Tay. Baba yake ni yule Hatim ambaye mpaka leo Waarabu wakitaka kumsifu mtu kwa ukarimu humpigia mfano yeye. Mtoto wa nyumba iliyojulikana kwa kulisha wageni ndiye aliyekuja kumuuliza Mtume (S.A.W.) maswali mengi ya uwindaji, na majibu aliyopewa yamepokewa na Bukhari na Muslim. Kwa ufupi aliambiwa hivi. Mbwa wako uliyemfundisha, ukimtuma kwa jina la Mwenyezi Mungu, kula anachokukamatia. Lakini akikila mwenyewe, usile, kwa sababu huenda alijikamatia yeye. Ukikuta mbwa wengine pamoja na wako, usile, kwa sababu ulitaja jina la Mwenyezi Mungu kwa wako, hukulitaja kwa wale. Ukimpiga mnyama mshale ukampata baada ya siku moja au mbili, na hana alama isipokuwa ya mshale wako, unaweza kula. Lakini ukimkuta amezama majini, usile, kwa sababu hujui ni maji yaliyomuua au ni mshale wako.

Tazama jinsi majibu haya yanavyofanana. Yote yanauliza jambo moja: Je, unajua? Katika mambo mengi ya dunia wanavyuoni hutuambia asili ya kitu ni halali mpaka ije dalili ya kukiharamisha. Katika nyama ya mnyama kanuni inageuka: asili ni kuzuilika mpaka ithibitike kwamba roho ilitoka kwa njia ya halali. Kwa hivyo shaka hapa si wasiwasi. Mwenye kuwinda ndiye aliyeiondoa roho, na akishindwa kueleza ilivyotoka, hana cha kumpa mtu.

Hata hivyo dini haikutubana. Wanavyuoni wameeleza kwamba ndege akipata jeraha la kumuua pale pale, kama vile koo kukatika, kisha akaanguka majini, maji hayamdhuru, kwa sababu sababu ya kifo inajulikana. Na katika madhehebu ya Shafii imetajwa kwamba ndege wa majini akipigwa hali yuko juu ya uso wa maji, maji kwake ni kama ardhi kwa ndege wa nchi kavu. Wanachohitilafiana ni yule aliyepigwa nje ya maji kisha akaangukia ndani. Bata wa Babu alikuwa wa namna hii ya mwisho, na bawa lililovunjika haliui. Mwenye kutaka fatwa na amwendee sheikh wake. Mimi natafuta kitu kingine humu, nacho ni tabia ya mtu aliyesimama peke yake na kisu.

Qur'ani yenyewe imeligusa jambo hili. Katika Suratul Maida, aya ya 94, Mwenyezi Mungu anawaambia waumini kwamba atawajaribu kwa mawindo ambayo mikono yao na mikuki yao inayafikia, ili ajulikane anayemwogopa kwa ghaibu. Wafasiri wanaeleza kwamba Waislamu walikuwa katika ihramu mwaka wa Hudaybiya, nao wanyama wakawa wanawakaribia mpaka kwenye mahema. Mtihani ulikuwa katika wepesi. Mnyama yuko karibu, mkono unafika, na mtu hana wa kumzuia isipokuwa Mola wake.

Adabu za mwenye kuwinda bata

Kwa ndugu zetu ambao kwao uwindaji upo, na kwa wengine wote wapate faida, nazitaja adabu hizi.

Kwanza ni nia na haja. Winda kwa ajili ya chakula au manufaa yanayoeleweka. Ibn Umar (R.A.) aliwakuta vijana wamemfunga ndege wakimfanya shabaha, akawaambia kwamba Mtume (S.A.W.) amemlaani mwenye kukifanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha. Aidha kuna hadithi inayotahadharisha kwamba mwenye kuandama mawindo hughafilika. Ukiona swala ya Alfajiri inakupita kwa ajili ya bata, jua wewe ndiye uliyewindwa.

Pili ni sheria ya nchi. Tanzania ina Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na huwezi kuwinda bila leseni. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na mwenye kuua wanyamapori bila kibali anavunja sheria. Kuitii ni katika kutimiza ahadi, na ahadi ndiyo inayofungua Suratul Maida, aya ya kwanza, kabla ya kutajwa mawindo.

Tatu ni wakati. Baadhi ya bata tunaowaona kwenye maziwa na mashamba ya mpunga ni wageni wanaokuja na kaskazi kutoka Urusi na Ulaya, wakarudi kwao kuzaa. Wengine ni wenyeji, na huzaa hapa. Usimpige mwenye makinda. Abu Dawud amepokea kwamba Masahaba walichukua makinda mawili ya ndege katika safari, mama yao akawa anapigapiga mabawa, na Mtume (S.A.W.) akaamuru arudishiwe watoto wake.

Nne ni silaha. Kinachohalalisha ni kile kinachotoboa na kutoa damu. Aliyekufa kwa kugongwa ni katika waliotajwa kuwa haramu katika aya ya tatu ya sura hiyo hiyo. Kwa hivyo ndege aliyeuawa kwa jiwe la manati haliwi, ila ukimwahi yu hai ukamchinja. Mtume (S.A.W.) alikataza hata kurusha vijiwe kwa vidole, akieleza kwamba haviwindi mnyama wala haviumizi adui, bali huvunja jino na kutoboa jicho. Risasi ya bunduki wanavyuoni wengi wa zama hizi wameiruhusu kwa kuwa inapenya. Lakini jua pia kwamba marisau ya madini ya risasi yanayobaki kwenye matope huliwa na bata wengine wakidhani ni changarawe au mbegu, nao hufa kwa sumu. Kwa sababu hiyo Marekani iliyapiga marufuku katika uwindaji wa bata mwaka 1991. Usiue kumi usiowaona kwa ajili ya mmoja unayemla.

Tano ni kutaja jina la Mwenyezi Mungu wakati wa kufyatua. Kwetu sisi Washafii ni sunna iliyosisitizwa, na wengine wameiona ni wajibu, basi usiiache. Na ukimkuta ndege yu hai, mchinje upesi kwa kisu kikali. Hadithi ya Shaddad bin Aws (R.A.) iliyopokewa na Muslim inatuamrisha wema katika kila kitu, hata katika kuchinja: kisu kinolewe, mnyama astareheshwe.

Sita, na hii ndiyo inayosahauliwa zaidi: usipige pale usipoweza kufika. Usipige juu ya maji marefu, usipige kiza kikiingia, usipige kundi zima ukitaraji atakayeanguka. Jua kuna nini nyuma ya ndege, huenda kuna mvuvi au mtoto anayechota maji. Na ukimjeruhi, mtafute mpaka mwisho. Kumwacha ndege na bawa lililovunjika kwenye matete kwa sababu viatu vyako ni vipya ni dhulma.

Saba, chukua kinachotosha na ugawe. Jirani aliyesikia mlio ana harufu ya mchuzi puani.

Je, si israfu?

Rafiki yangu anayesoma uhandisi nilipomsimulia kisa cha Babu alinipinga, na hoja yake si ya kudharauliwa. Alisema, "Bata ameshakufa. Kumwacha hakumrudishii roho. Watu wanane wana njaa, na israfu nayo ni haramu. Babu yako alijali usafi wa moyo wake zaidi ya matumbo ya watoto."

Nilikaa na maneno haya siku nyingi. Jibu la kwanza ni la kifiqhi: mwenye dharura, anayechelea kufa kwa njaa, ameruhusiwa hata mfu kwa kadiri ya kujiokoa, na ruhusa hiyo iko katika aya ile ile ya tatu. Nyumba ya mjomba haikufika hapo, kwa maana mchele ulikuwapo. Lakini jibu lililonitosheleza nililipata kwa Babu mwenyewe. Nilipompelekea hoja hiyo aliinama kidogo, kisha akasema, "Mjukuu wangu, kosa langu halikuwa kumwacha. Kosa langu lilikuwa kumpiga pale."

Sikuwahi kulifikiria hivyo. Hasara ya yule bata haikuletwa na sharia. Ililetwa na kidole kilichofyatua juu ya maji marefu. Hukumu inayokunyima bata wa leo inakufundisha usimpige vibaya wa kesho. Lau angempitisha kisu na kumla, angejifunza kinyume chake: kwamba upigaji mbaya hauna gharama maadamu kisu kiko karibu. Israfu ya kweli huanzia hapo, kwa mtu aliyezoea kwamba kila kosa linaweza kufunikwa.

Sahani yangu

Sasa nifike kwenye jambo langu. Mwaka jana mwenzangu mmoja alirudi kutoka likizo na bakuli la nyama ya bata mwitu waliokaangwa na mama yake. Kwao ni karibu na mashamba ya mpunga, na sitapataja. Tulikuwa sita chumbani. Tulikula mpaka mifupa, tukamwombea mama dua.

Likizo iliyofuata alirudi mnyonge. Siku ya tatu akaniita pembeni, akanieleza. Alikuwa amepita mashambani mapema asubuhi akawaona vijana wenye magunia. Kwenye matuta ndege walikuwa wakiyumba kama walevi, wengine wameshalala. Vijana walikuwa wameweka chambo chenye dawa ya kuulia wadudu. Mmoja wao alikuwa na kisu, akikipitisha shingoni mwa kila ndege, mmoja baada ya mwingine, aliye hai na aliyekufa. Hakuwa akichinja. Alikuwa akitengeneza alama ya kumwonyesha mnunuzi. Na mama yake, kila aliponunua kwao, aliuliza, "Wamechinjwa?" Wakamjibu, "Ndiyo, mama, tazama."

Jambo hili si la kijiji kimoja. Huko Bunyala, magharibi mwa Kenya, watafiti wa ndege wameandika jinsi wawindaji walivyotumia sumu ya kabofurani katika mashamba ya mpunga kuua korongo, bata wa uso mweupe na ndege wengine, kisha wakawauza kuwa chakula cha watu. Kabofurani ni sumu ambayo chembe yake moja yaweza kumuua ndege mdogo. Hapo mna madhambi mawili kwa pamoja: mfu anaitwa halali, na sumu inaitwa kitoweo.

Nilimwendea sheikh nikamuuliza kama nina dhambi. Akanikumbusha hadithi ya mama yetu Aisha (R.A.), iliyopokewa na Bukhari, kuhusu watu waliomwambia Mtume (S.A.W.) kwamba huletewa nyama na watu wapya katika Uislamu, nao hawajui kama jina la Mwenyezi Mungu limetajwa. Akawaambia walitaje wao, kisha wale. Mgeni hakukalifishwa kupekua. Ukialikwa kwa Muislamu, hukai mlangoni ukahoji kuku alichinjwa na nani, kwani huko ni kumvunjia heshima mwenye nyumba na kuifanya dini kero. Mama wa mwenzangu hakukosa, aliuliza, akadanganywa. Sisi sita hatukukosa. Tulikula kwa dhana njema.

Nilifarijika, lakini faraja ile ilinifungua macho juu ya jambo jingine. Nikaweka hadithi mbili ubavu kwa ubavu. Kwa mwenye kuwinda, Mtume (S.A.W.) alikaza: ukiwa na shaka, usile. Kwa mwenye kuletewa, alilegeza: taja jina la Mwenyezi Mungu, ule. Mtu wa haraka ataona ni mikono miwili tofauti. Mimi naona ni mkono mmoja. Mlaji amelegezewa kwa sababu mwindaji amekazwa. Wanane wa Kudha waliweza kula bata mmoja bila kuuliza kwa sababu kijana mmoja alijiuliza kwa niaba yao akiwa kifuani mwa maji. Siku wawindaji wakiacha kujikaza, mmoja katika mawili yatatokea: ama tutakula sumu, ama tutageuka watu wa kupekuana, na ile dhana njema tunayokaa nayo mezani itakwisha.

Limebaki la kunisumbua. Mwenzangu aliniomba nisiwaambie wale wanne, kwa kumstahi mama yake. Nilinyamaza. Kwa upande mmoja hawana dhambi na siri ya mtu ni amana. Kwa upande wa pili, ndege kama wale wanauzwa mahali pengi, na huenda wakawanunua wao wenyewe kesho. Je, kunyamaza kwangu hakukuwa nako ni kupitisha kisu juu ya shingo iliyokufa, ili mambo yaonekane sawa? Mwishowe nilimrudia mwenzangu. Alishamwambia mama yake, naye alilia, akaacha kununua na akawaonya majirani. Baada ya hapo ndipo aliponiruhusu kuandika haya, bila ya jina. Wale wanne watayasoma humu, na naomba radhi kwao kwa kuchelewa.

Kila mmoja wetu ana dimbwi lake

Wengi wetu hatutawinda bata. Lakini atakayekuwa mfamasia atakaa peke yake na dawa ambayo tarehe yake imekaribia kwisha. Mhandisi atakaa peke yake na nguzo ambayo zege yake haikushika vizuri, na rangi itaifunika. Mtafiti atakaa na takwimu zilizomfia mkononi, na mstari mmoja wa kuongeza utazifanya zionekane hai. Watakaokuja kununua dawa, kulala chini ya dari na kusoma utafiti hawatauliza. Wala si wajibu wao kuuliza kila kitu, hawawezi. Wataona alama ya kisu, watasema Bismillah, watakula.

Baada ya darasa lile nilimtafuta yule kijana wa mwaka wa kwanza. Nilimkuta barazani anafunga viatu. Nikamwambia watu wasimvunje moyo, swali lake lilikuwa zuri. Akanitazama kidogo, akasema, "Nilimla, kaka. Ndiyo maana nikauliza."

Nikakaa naye tukaongea mpaka Isha. Nilimwambia mlango wa toba uko wazi, na kwamba aliyekula bila kujua hukumu si sawa na aliyejua. Nikamsimulia pia kisa cha Babu. Nadhani waliomcheka walikuwa mbali na suala lile kuliko yeye, kwa sababu yeye alishafika kwenye dimbwi lake na alirudi akiuliza.

Tumwombe Mwenyezi Mungu atupe khofu yake pale ambapo hakuna atuonaye isipokuwa Yeye, na atujaalie tuwe watu ambao wenzetu wanaweza kula mikononi mwetu bila kuuliza. Amin.

Wabillahi tawfiq.